Shindano la timu la kuteleza barafuni: nchi 10 za Olimpiki hupatikanaje?

Mtangazaji wa Makole

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa kona ya michezo ya robo saa kwenye redio ya jamii hapa Dodoma. Tangu Olimpiki ya Milano Cortina ya Februari 2026 meseji za kuteleza barafuni haziishi, na nyingi zinahusu shindano la timu, si la mtu mmoja mmoja. Naomba wenye ujuzi mninyooshee mambo manne kabla sijapotosha watu hewani.

Kwanza, zile timu 10 hupatikanaje? Sioni makundi wala nyumbani na ugenini kama tunavyofuzu AFCON. Pili, Korea ya Kusini ina watelezaji wakali wa kike na wa kiume, mbona Beijing 2022 haikuwemo kwenye timu? Tatu, kule Milano Japani ilishika namba moja mara 5 kati ya 8, Marekani mara 3 tu, lakini dhahabu ikaenda Marekani kwa 69 dhidi ya 68. Msikilizaji mmoja wa Nkuhungu anasema majaji wamechakachua. Nne, hili haliepukiki: Tanzania je?

Takwimu Kizota

Mkuu, waambie kwanza kwamba hakuna shindano linalochezwa na timu ya taifa ili kufuzu. Timu haipo mpaka orodha itoke. Wanaofuzu ni watu, mmoja mmoja na wawili wawili, halafu nchi inajumlishiwa jasho lao.

Mchezo una vipengele vinne: wanaume, wanawake, jozi na dansi. Jozi na dansi vyote ni mwanamume na mwanamke, ndiyo maana watu wanavichanganya. Kwenye jozi mwanamke ananyanyuliwa juu ya kichwa cha mwenzake, anarushwa na kutua mwenyewe kwa mguu mmoja. Kwenye dansi hakuna kurushana wala kunyanyua juu ya kichwa. Kinachopimwa zaidi ni miguu, mdundo na jinsi wawili wanavyobaki karibu.

Kabla ya timu kuna nafasi za vipengele. Milano zilikuwa za watu 142: wanaume 29, wanawake 29, jozi 19, dansi 23. Ukipiga hesabu kumbuka jozi na dansi kila nafasi ni watu wawili. Sehemu kubwa iligawiwa kwenye ubingwa wa dunia wa Boston, Machi 2025: wanaume 24, wanawake 24, jozi 16, dansi 19. Zilizobaki, yaani 5, 5, 3 na 4, ziligombewa Beijing Septemba 2025. Nafasi ni mali ya nchi, si ya mtelezaji. Aliyeipata akiumia au akishuka kiwango, shirikisho linaweza kumpeleka mwingine, mradi awe na alama za ufundi zisizopungua kiwango kinachotakiwa kwenye programu fupi na ndefu, yaani awamu mbili za kila shindano.

Nchi moja haipati zaidi ya nafasi 3 kwa kipengele. Ikiwa na watelezaji wawili au zaidi kwenye ubingwa wa dunia, zinajumlishwa namba walizoshika wawili bora. Jumla ikiwa 13 au chini, nafasi 3. Ikiwa 28 au chini, nafasi 2. Mfano, wa 4 na wa 9 ni 13, nchi inachukua tatu. Wa 4 na wa 10 ni 14, imebaki na mbili. Mashirikisho yanalia kila mwaka kwa sababu ya namba moja kama hiyo.

Sasa timu. Ili nchi ifikiriwe lazima iwe imefuzu vipengele visivyopungua 3 kati ya 4. Hapo ndipo Korea ilipokwama 2022: ilikuwa na wanaume na wanawake tu. Milano iliongeza dansi, ikatimiza vitatu, ikaingia bila jozi. Kwa hiyo swali la pili si la ubora wa mtu. Hispania 2018 ilikuwa na Javier Fernández, bingwa wa dunia mara mbili, aliyerudi na shaba yake binafsi, na kwenye timu haikuwemo. Milano Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan alichukua dhahabu ya wanaume, na Kazakhstan haikuwemo kwenye shindano la timu.

Nchi zilizotimiza masharti zinapangwa kwa pointi za matokeo ya ubingwa wa dunia uliotangulia pamoja na Grand Prix, mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya msimu wenyewe, na kila kipengele kinahesabiwa mtelezaji bora mmoja tu au jozi bora moja. Ukiwa na wanaume watatu wote kumi bora, wawili hawakusaidii kitu kwenye msimamo huu. Upate picha ya jinsi ISU, chama cha kimataifa cha kuteleza barafuni, inavyopima: kwenye orodha yake ya kawaida ya viwango bingwa wa dunia hupata 1200, wa pili 1080, wa tatu 972, kila ngazi inapungua kwa asilimia 10. Mteremko ni mkali juu na mpole chini. Nchi yenye watu wa 8 au wa 10 kwenye vipengele vyote vinne hujikuta juu ya nchi yenye bingwa mmoja na mapengo.

Nchi iliyoingia kumi bora ikiwa na vipengele vitatu inaweza kuombewa nafasi ya ziada kwa kile cha nne, kwa ajili ya timu tu. Nafasi hizo ni chache, watu 10 kwa nchi zote, na sharti la alama za ufundi liko palepale. Nchi isiyo na jozi yenye alama hizo haina wa kumwombea.

Usichanganye Mafaili

Naongezea yanayowaangusha watu nje ya barafu, maana Takwimu kayaruka.

Pasipoti. Mashindano ya kawaida ya ISU yanaruhusu jozi au dansi ambayo mmoja tu ni raia wa nchi wanayoiwakilisha. Olimpiki inataka wote wawili wawe raia. Kwa hiyo kuna jozi zinazoipatia nchi matokeo mazuri mwaka mzima, Februari ikifika mmoja hana uraia na hawaendi. Ukiona nchi imeshika nafasi nzuri duniani halafu Olimpiki imempeleka mwingine, chungulia hapo kwanza.

Umri. ISU ilipitisha mwaka 2022 kwamba umri wa chini kwa wakubwa upande kutoka 15 hadi 17, ukipanda kwa hatua. Mtoto anayeshinda mashindano ya vijana leo huenda asihesabike kwa timu ya wakubwa.

Kuhama nchi. Shirikisho la zamani lazima limwachie mtelezaji, na kuna muda wa kukaa nje. Georgia imejengwa hivyo kwa sehemu kubwa. Anastasiia Gubanova, bingwa wa Ulaya 2023, aliwahi kuichezea Urusi. Georgia ina watu chini ya milioni 4, si mbali sana na mkoa wetu wa Dodoma uliohesabiwa 3,085,625 kwenye sensa ya 2022, na bado iliingia tano bora Milano. Hawana wingi wa watelezaji. Wana mmoja mzuri kwa kila kipengele, basi.

Na wanaoshiriki kama watu huru wasio na bendera hawana timu. Warusi Petr Gumennik na Adeliia Petrosian walipata nafasi zao Beijing Septemba 2025, wakateleza binafsi, wakaishia hapo.

Hesabu Ipagala

Nachukua swali la tatu. Huyo ndugu wa Nkuhungu apewe kalamu na karatasi, majaji hawana kosa.

Kwenye timu, alama za majaji zinatumika kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, kisha zinatupwa. Kinachohesabiwa ni pointi za nafasi: wa kwanza 10, wa pili 9, hivyo hivyo hadi wa kumi pointi 1. Umshinde mwenzako kwa alama 30 au kwa robo alama, tofauti ni pointi ileile moja. Waliokimbia mbio za nyika kwa timu, ambako namba za kumalizia hujumlishwa, watauelewa haraka, isipokuwa huku jumla kubwa ndiyo inayoshinda.

Awamu ya kwanza ni programu fupi (kwa dansi wanaiita dansi ya mdundo), nchi zote 10. Tano bora zinaingia awamu ya programu ndefu, ambako wa kwanza bado ni 10 na wa tano ni 6. Pointi za mwanzo hazifutwi. Ukishinda kila kitu una 80.

Milano ilikwenda hivi. Fupi, Marekani: dansi 10, jozi 6, wanawake 9, wanaume 9, jumla 34. Japani: dansi 3, jozi 10, wanawake 10, wanaume 10, jumla 33. Mmeona? Japani kashinda vitatu kati ya vinne na bado yuko nyuma, kwa sababu dansi ilikuwa ya 8. Kilichomla ni shimo la pointi 7 kwenye kipengele kimoja, wakati ushindi wake mwingine ulimpa pointi 4 kwenye jozi na moja moja kwa wanawake na wanaume.

Ndefu: dansi Marekani 10, Japani 6, ikawa 44 kwa 39. Jozi, Riku Miura na Ryuichi Kihara 10, Marekani 7: 51 kwa 49. Wanawake, Kaori Sakamoto 10, Amber Glenn wa tatu 8: 59 kwa 59. Wakabaki wanaume. Ilia Malinin 10, Shun Sato 9. Mwisho wa habari, 69 kwa 68. Italia shaba kwa 60.

Hapo kwenye dansi ya mdundo ndipo pa kuweka kidole. Japani ingekuwa ya 7 badala ya 8, jumla ingekuwa 69 kwa 69.

Kuna na mbinu ya kubadilisha watu. Kati ya fupi na ndefu nchi inaruhusiwa kubadilisha vipengele viwili tu. Marekani ilibadilisha wanawake, Alysa Liu akamwachia Glenn. Japani ilibadilisha wanaume, Yuma Kagiyama akampisha Sato. Timu yenye vipengele vyote vinne haipungui watu 6, na ukibadilisha jozi na dansi unafika 10, kama Urusi ilivyofanya Sochi 2014 shindano hili lilipoanza. Makocha wanapumzisha watu kwa sababu mashindano ya mtu binafsi yanafuata siku chache baadaye kwenye barafu ileile. Nchi yenye mtu mmoja tu kwa kipengele haina anasa hiyo, tena ikipata mgonjwa imekwisha: Beijing 2022 Ukraine ilikosa mwanamume na Ujerumani ikakosa jozi kwa sababu ya Uviko-19, na kwenye msimamo pakasomeka sifuri.

Mtangazaji wa Makole

Hesabu, hiyo 34 kwa 33 naisoma hewani kama ilivyo, asante sana dada. Swali dogo: mtu kauliza mbona medali za timu za Beijing 2022 zilitolewa Paris, tena kiangazi. Na mwingine kanitajia kombe la timu la Japani, ndilo hilihili?

Takwimu Kizota

La Beijing kwa kifupi. Kamati ya Olimpiki ya Urusi ilimaliza na 74, Marekani 65, Japani 63, Kanada 53. Mtelezaji wao wa kike, Kamila Valieva, akaonekana na dawa iliyokatazwa, kesi ikaburuzwa, na Januari 2024 matokeo yake yakafutwa. Alikuwa wa kwanza mara mbili, yaani pointi 20. Warusi wakashuka hadi 54.

Ubishi uliobaki ni huu: ISU iliondoa pointi 20 bila kuwapandisha waliokuwa nyuma yake. Madeline Schizas wa Kanada alikuwa wa 3 mara zote mbili. Angepandishwa awe wa 2, Kanada ingeongeza pointi 2 ikawa 55, na shaba ingekuwa yao. Walikata rufaa Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo, ikatupwa. Marekani na Japani wakakabidhiwa medali zao Paris Agosti 2024. Mimi naona hoja ya Kanada ilikuwa na mashiko, lakini uamuzi ndio huo.

Hesabu Ipagala

Na la Japani si hilihili. Linaitwa World Team Trophy, ni la ISU, lilianza 2009 Tokyo, hufanyika kila baada ya miaka miwili mwezi wa nne, ligi ya msimu ikiwa imeisha. Nchi 6 tu, zile zenye matokeo bora ya msimu. Kila nchi inaleta wanaume 2, wanawake 2, jozi 1, dansi 1, watu 8.

Tofauti ya hesabu ndiyo inayobadilisha nani anafaidika. Kwa wanaume na wanawake wanateleza 12, pointi 12 hadi 1. Kwa jozi na dansi wako 6, nao wanaanzia 12, kwa hiyo wa mwisho bado anachukua 7. Piga jumla ya juu kabisa kwa nchi: wanaume 46, wanawake 46, jozi 24, dansi 24, yaani 140. Waliocheza peke yao wanabeba 92 kati ya hizo. Olimpiki ni nusu kwa nusu, 40 na 40.

Ndiyo maana Korea, isiyofua dafu kwenye jozi, ilichukua fedha 2023 nyuma ya Marekani na mbele ya Japani yenyewe. Kule udhaifu wa jozi unakugharimu pointi 5 kwa awamu, si 9 kama kwenye programu fupi ya Olimpiki. Mwaka 2025 ikawa Marekani, Japani, Italia.

Fundi Baridi, Area C

Swali la nne ni kama limeachwa kwangu. Tuanze na barafu yenyewe, maana bila hiyo hata chama ni karatasi tu.

Uwanja rasmi ni mita 60 kwa 30, mita za mraba 1,800. Barafu ya sentimita 3 inataka mita za ujazo 54, yaani lita 54,000. Ni maboza matano ya lita 10,000 na karibu nusu ya la sita, hiyo ni kujaza mara moja. Haimwagwi kwa mkupuo. Inanyunyiziwa tabaka jembamba, inaganda, unarudia tena na tena. Ukimwaga nyingi juu inaganda chini maji, na kisigino cha kiatu kinazama.

Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa, kila mwenye birika la umeme hapa mjini anajua. Chumvi ikiwa nyingi barafu inatoka na ukungu mweupe, inachelewa kuganda na inavunjika vipande mtu anapotua. Kwa hiyo unahitaji mtambo wa kuchuja madini kabla ya boza la kwanza. Watelezaji wa madoido wanataka barafu laini kiasi, nyuzi 3 hadi 4 chini ya sifuri, si ngumu kama ya hoki, kwa sababu ukingo wa chuma lazima ushike.

Chini ya barafu kuna sakafu ya zege yenye mabomba ya maji ya chumvi au glaikoli, chini yake kizuia joto, na chini kabisa mabomba ya kupasha udongo. Hilo la mwisho watu wanalidharau kuokoa hela. Udongo ukiganda unavimba na zege linapasuka. Faida yetu moja ni hewa kavu ya kiangazi: unyevu mdogo, ukungu mdogo ukumbini. Mvua za Januari zikija faida hiyo inaondoka. Umeme ukikatika saa kadhaa jua la mchana likiwa nyuzi 30, jenereta lazima liwe na uwezo wa kuendesha kompresa, si taa peke yake.

Nairobi wana uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari tangu 2005, mdogo sana kuliko kipimo rasmi. Unafaa kujifunzia. Programu ndefu ya dakika 4 haikai mle.

Usichanganye Mafaili

Upande wa makaratasi, Tanzania haina shirikisho mwanachama wa ISU, na bila hilo hakuna anayeingia hata kwenye mashindano ya chini. Njia ni chama kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), kutambuliwa na Kamati ya Olimpiki Tanzania, kisha maombi ISU, ambayo kwa kila nchi inatambua chombo kimoja tu cha kuteleza kwa madoido. Baada ya hapo Waafrika hushindania ubingwa wa Mabara Manne pamoja na Asia, Amerika na Oseania, na huko kuna alama za chini za ufundi za kutimiza kwanza.

Timu ya vipengele vitatu iko mbali mno, msidanganye wasikilizaji. Mtelezaji mmoja Mtanzania anayeishi nje, mwenye kocha na uwanja huko aliko, ni jambo linalowezekana, na wengi wa nchi zisizo na baridi walianza hivyo. Na mtu akikutumia meseji za viatu vya magurudumu pale Nyerere Square, huo ni mchezo wa World Skate. Chombo kingine, mashindano mengine, usiuingize humu.

Mtangazaji wa Makole

Nimeelewa. La mwisho kabisa, saa za kutazama. Watu wanalalamika matangazo yanawapita.

Hesabu Ipagala

Majira ya baridi Italia na Ufaransa ziko nyuma yetu kwa saa 2. Wakiandika 19:00 ni saa 3 usiku kwetu. Olimpiki ya 2030 ni Alps za Ufaransa, hesabu ileile. Japani iko mbele kwa saa 6, kwa hiyo shindano la jioni yao, 19:00, kwetu ni saa 7 mchana. Na shindano la timu la Olimpiki huanza mapema, Milano lilifungua tarehe 6 Februari asubuhi, siku ya sherehe za ufunguzi zenyewe. Anayesubiri sherehe ziishe ndipo awashe televisheni atakuwa ameshakosa dansi ya mdundo.